Kazi Inayoanza Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Hotuba iliyotolewa Tanga katika mahafali ya kidato cha sita, mbele ya wahitimu, wazazi na walimu. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wahitimu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi. Najua mmeshazungumziwa sana. Amekuja mtu wa benki, amekuja mtu wa bandari, na mwaka jana, nimeambiwa, alikuja rubani, darasa zima la PCM likataka kurusha ndege. Mimi sina ndege. Nina beseni, nina kiti chenye tundu katikati, na nina kijiko kilichokunjwa shingo. Hivyo ndivyo vitendea kazi vyangu. Basi nianze na swali.

Leo asubuhi, kabla hujafika ukumbini hapa, umefanya mambo mangapi kwa mwili wako mwenyewe? Umetoka kitandani. Umekwenda chooni, ukachuchumaa, ukajisafisha, ukainuka. Umeoga. Umepiga mswaki, umefunga vifungo, umekunywa chai, umevuka kizingiti, umedandia daladala. Nani amekupigia makofi? Nani amekuita shujaa? Hakuna. Hata wewe mwenyewe huyakumbuki.

Sasa ondoa kitu kimoja tu. Ondoa kuchuchumaa. Magoti hayakunji, au miguu haina nguvu, na choo cha shimo kiko pale pale uani kinakungoja. Unafanyaje? Unamwita nani? Ukimwita, anakuja saa ngapi? Na kama anayekuja kukushika ni binti yako wa miaka kumi na minne, mtatazamana vipi wakati wa chai?

Maswali hayo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wengi hamjui ni kitu gani, wala siwalaumu. Mama yangu mzazi mpaka leo huwaambia majirani kwamba mimi ni nesi, nami nimeshaacha kumsahihisha. Niwaeleze hivi. Mwenzangu wa fiziotherapia atahangaika na goti lako mpaka likunje. Mimi nahangaika na kile ulichotaka kukifanya kwa hilo goti: kuswali, kupalilia, kuchuchumaa, kupanda daladala. Na goti likikataa kukunja kabisa, yeye anaweza kufunga faili. Mimi faili langu ndiyo kwanza linafunguliwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3 duniani wanaishi na ulemavu mkubwa. Hiyo ni mtu 1 kati ya 6. Hebu hesabuni hapo kwenye benchi mlilokalia. Sita mmoja, sita mmoja. Wako wapi hao watu kwenye mahafali haya? Hawakukosa akili ya kufika kidato cha sita. Niwaambie nilichokiona katika kazi hii: walioshindwa maisha kwa sababu ya ulemavu wenyewe ni wachache mno. Wengi niliowaona wameshindwa na asubuhi. Asubuhi imewashinda. Mtu ana kichwa cha uhasibu, lakini mpaka apate wa kumwogesha, wa kumvisha, wa kumvusha kizingiti, jua limeshafika utosini na ofisi zimejaa.

Kwa hiyo leo nazungumza juu ya kazi zinazoanza saa kumi na mbili asubuhi. Ni nyingi, zina majina tofauti, na zote zinakutana kwenye asubuhi ya mtu mmoja.

Jambo la kwanza. Kazi hii inataka ujuzi, na ujuzi wenyewe mara nyingi ni kujizuia.

Nilimhudumia mwalimu mstaafu, hapa hapa mkoani, aliyepata kiharusi upande wa kulia. Nyumbani walimpenda. Walimpenda mno! Mkewe alimvisha, binti alimlisha, mjukuu alimshikia kikombe. Nilipoanza kumfundisha kuvaa shati mwenyewe, siku za mwanzo shati moja lilimchukua karibu saa nzima. Mkewe alikuwa akisimama mlangoni na kunitazama kwa lile jicho ambalo watoto wa Tanga mnalijua. Siku moja akasema, “Mwanangu, mbona unamtesa mzee wa watu? Mimi namvisha dakika tano.”

Na alisema kweli. Dakika tano. Kwa miezi mingi mzee yule alivishwa dakika tano, akalishwa dakika kumi, kisha akaketi barazani kutwa nzima bila shughuli isipokuwa kungoja kulishwa tena.

Kuna kanuni moja ya kuvaa ambayo nataka muondoke nayo, maana hamtakosa mtu wa kiharusi kwenye ukoo. Mkono mgonjwa huingia kwanza, hutoka mwisho. Ukivaa, ingiza ule uliopooza kwanza, maana ule mzima unaweza kujikunja na kuitafuta njia. Ukivua, toa ule mzima kwanza. Mkono mgonjwa huingia kwanza, hutoka mwisho. Semeni nami. Sawa sawa. Tayari mmepata somo la wiki ya kwanza, na sijawatoza ada.

Vifungo vilitushinda. Nikamuuliza mzee, “Mwalimu, ukiwa mzima Ijumaa ulikuwa unavaa nini?” Kanzu. Kumbe! Kanzu inaingia kichwani, haina vifungo vya kumpotezea mtu heshima. Ijumaa moja akaivaa mwenyewe, akaenda msikitini amechelewa, kofia imekaa upande, lakini kavaa mwenyewe. Mkewe hakunisemesha. Alinipa mkate wa kumimina niende nao nyumbani.

Mnaona kazi ilipokuwa? Kumfunga vifungo angeweza yeyote. Kukaa kitini mikono imefumbatwa, mtu anahangaika mbele yako, ukajua ni lini umwache na ni lini umshike kiwiko, hilo mtu anasomea.

Lakini ngojeni, msije mkaondoka na nusu ya jambo. Wapo watu ambao kujifunga vifungo si haki kuwadai. Kama kujivisha kutanimalizia nguvu zote mpaka nifike kazini nimechoka hoi, afadhali mtu anivishe, nguvu zangu nizipeleke kwenye kazi. Nani aamue? Mimi mwenye mwili.

Aliyewafundisha wengi hilo alikuwa Mmarekani, Ed Roberts. Mwaka 1953, akiwa na miaka 14, polio ilimpoozesha kuanzia shingoni kushuka chini. Usiku alilala ndani ya pafu la chuma, mashine kubwa iliyomsaidia kupumua. Ofisi ya serikali iliyokuwa na wajibu wa kuwasaidia wenye ulemavu kupata kazi ilimwona kijana huyu kuwa hataweza kufanya kazi kamwe. Akaomba Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, akaingia mwaka 1962. Bweni la kuingiza mashine ile halikuwepo, basi akapewa chumba katika hospitali ya chuo, na hospitali ikawa bweni lake. Vijana wengine wenye ulemavu mkubwa wakamfuata.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ed Roberts hakungoja mpaka aweze tena kufunga kifungo. Wala hakungoja mpaka aweze kujiogesha au kujilisha mwenyewe. Alichokuwa nacho ni watu waliolipwa kuja asubuhi kumtoa kwenye mashine, kumwogesha, kumvisha na kumfikisha anakotaka kwenda. Na yeye na wenzake walidai jambo moja ambalo wakati ule lilishangaza: watu hao tuwachague sisi, tuwafundishe sisi, na asiyefaa tumwondoe sisi. Mwaka 1972 wakaanzisha pale Berkeley kituo cha kuishi maisha ya kujitegemea. Mwaka 1975 gavana wa California akamteua Ed Roberts kuwa mkurugenzi wa idara ile ile iliyosema hataweza kufanya kazi.

Wazo hilo limo sasa kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 19 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, na inautaja msaada wa msaidizi binafsi kwa jina. Mwaka 2010 tukatunga na Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu. Karatasi tunazo.

Jambo la pili ni gumu, na wazazi naomba mnivumilie. Kama msaidizi halipwi, ina maana asubuhi za watu hawa hazina mfanyakazi? Wanao wafanyakazi. Yuko mama. Yuko bibi. Na mara nyingi mno yuko mtoto wa kike aliyeacha shule.

Katika kata moja, nayo siitaji, niliwakuta kaka na dada. Kaka ana kiti mwendo, uti wa mgongo uliumia katika ajali ya bodaboda. Dada alikuwa darasa la saba. Kila asubuhi yeye ndiye aliyemsukuma kaka barabarani, jioni akamrudisha. Kwanza alichelewa shule. Kisha akawa anakosa Jumatatu. Kisha akakosa tu, na hakuna aliyekaa chini kuamua kwamba aache. Pale nyumbani palikuwa na mtu mmoja mwenye ulemavu, na wawili ambao asubuhi ilikuwa imewashinda.

Kaka yule alikuwa fundi simu. Fundi kweli kweli. Anafungua simu mpya mpya zile ambazo wengine wanaogopa kuzigusa. Kwenye kibanda chake, wateja wa maana hupita kabla ya saa mbili, wakiwa njiani kwenda kazini. Akifika saa nne, siku imekwisha. Tulikaa tukapiga hesabu ya fedha, yeye, mama yake na mimi. Akaona kwamba akimlipa kijana wa jirani kiasi fulani kila asubuhi amuandae na amfikishe kibandani, mapema ile peke yake itarudisha fedha na kuzidi. Dada akarudi shule.

Mtadhani hadithi imeishia hapo. Kijana wa kwanza alifukuzwa kazi. Alichelewa, hilo lingesameheka. Kosa lake lilikuwa kusimulia wateja, tena akicheka, mambo ya mpira wa mkojo anaoutumia bosi wake. Bosi akamlipa alichomdai, akamwambia kesho asije. Nilipopata habari, nikiri, nilifurahi. Sikufurahia kijana kukosa kazi. Nilifurahi kuona mtu niliyemkuta hana kauli juu ya saa yake ya kuoga, sasa anaajiri na anafukuza.

Wa pili amedumu, na nilimuuliza siri yake. Akasema, “Mimi nikitoka mle chumbani sijaona kitu.” Vijana, mnaotaka kazi hii andikeni hilo. Utaingia kwenye vyumba vya watu saa ambayo hata ndugu zao hawaingii. Utaona mwili, utaona deni, utasikia ugomvi wa mume na mke. Ukitoka hujaona kitu.

Na sasa niseme habari za mishahara, maana naona wazazi wananiangalia. Sitawadanganya. Kazi ya msaidizi binafsi hapa kwetu, kwa sehemu kubwa, bado hulipwa na mfuko wa familia, na familia nyingi mfuko umetoboka. Ni kazi inayojengwa, na watakaoijenga wako kwenye majoho humu ndani. Kuna milango iliyo wazi kidogo. Sheria ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea asipungukiwe asilimia 3 ya wenye ulemavu wenye sifa. Waajiri wengi huisoma sheria hiyo hadi kwenye tangazo la kazi, wakaandika “wenye ulemavu wanahimizwa kuomba”, basi. Hawajiulizi mtu atafikaje. Na katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, 4 ya wanawake na 4 ya vijana, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Wapo wanaokopa wakanunua cherehani, biashara ikafa. Sijaona wengi wakiweka kwenye mpango wa biashara mstari mmoja wa kumlipa msaidizi. Wekeni. Cherehani bila mtu wa kukufikisha kwenye cherehani ni pambo la nyumba.

Jambo la tatu ni vitu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo huruma inapoharibu zaidi kuliko chuki.

Mmeshaona kwenye taarifa ya habari: mgeni mkubwa anakabidhi viti mwendo hamsini, vyote saizi moja, picha zinapigwa. Mimi hukutana na viti hivyo miezi sita baadaye. Mtoto wa miaka saba kwenye kiti cha mtu mzima. Miguu inaning’inia, makalio yanateleza mbele, mgongo unapinda upande wa kulia, na mama anasema, “Tangu apate kiti anakohoa sana.” Si bahati mbaya. Kifua kimekunjwa kama gazeti, pumzi itapitia wapi? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo vya kusukuma kwa mkono mwaka 2008, na kiini chake ni rahisi: mpime mtu, mchagulie, mrekebishie, mfundishe, kisha mrudie umwone. Kiti hakigawiwi. Kiti hupimwa.

Halafu kuna vidonda. Aliyepoteza hisia chini ya kiuno hasikii kwamba amekaa sana. Vitabu tulivyosomea vinasema kidonda cha mgandamizo huanza kwa ngozi kuwa nyekundu. Nyekundu ya nani? Kwenye ngozi zetu wekundu huo hauonekani hata kwa tochi. Tunafundisha kugusa: pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu, au rangi imekolea zaidi. Aliye kitandani ageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana. Aliye kitini ajinyanyue au aegemee upande kila baada ya dakika kumi na tano mpaka nusu saa. Nimewaona vijana wenye nguvu wakifa kwa kidonda. Waliponea ajali, wakaponea upasuaji, wakaja kufia kwenye godoro. Huo ndio uzito wa kazi ambayo watu huiita “kumwangalia mgonjwa”.

Na vitu vizuri si lazima viwe vya ghali. Kipo kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kinachotengenezwa kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga. Ufundi huo ulikuzwa Zimbabwe, na mtaalamu wake aliitwa Bevill Packer. Kiti hicho kikikauka sawasawa na kupakwa rangi, kinabeba mtoto miaka. Tulimtengenezea mtoto mmoja ambaye mama yake alikuwa akimlisha amelala chali mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, uji unamiminwa. Kila mwezi homa ya mapafu. Kila mwezi hospitali. Mama anaambiwa mtoto ana kifua kibovu. Kifua hakikuwa kibovu. Uji ulikuwa unaingia njia ya pumzi. Tukamkalisha wima kwenye kiti cha maboksi, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kikatoka mbele badala ya juu, na uji ukafanywa mzito. Mama akaniuliza, “Hili ndilo tu?” Nikamwambia ndilo tu. Akalia, na sijui kama ni kwa furaha au kwa hasira ya miezi yote ile.

Wale wa Fizikia na wenye mikono ya ufundi, hapa ni penu. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa saidizi. Kilianzishwa 1981, mwaka ule ule ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, na wanafunzi wanakuja pale kutoka nchi nyingi za Afrika. Mguu bandia unaoumiza huishia uvunguni. Fundi mzuri anajulikana kwa miguu iliyo barabarani. Na seremala wa mtaani pia ana nafasi: kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo, kamba ya kushikilia kutoka mlango wa nyumba hadi choo, na mteremko wa mlangoni. Mteremko una hesabu yake. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, weka urefu wa sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Majengo mengi ya umma wameweka mteremko wa kupandishia pipa la mafuta, wakaupaka rangi ya bluu, wakachora na alama ya kiti. Mkiushuka peke yenu na kiti mwendo mtafika, ila hamtapenda mtakavyofika.

Nipite haraka kwa wa lugha, nisije nikaambiwa nimewabagua HKL. Mnawaona wawili hawa wanaobadilishana hapa pembeni yangu? Hawabadilishani kwa uvivu. Mkalimani wa lugha ya alama akipita dakika ishirini au thelathini, akili huchoka na makosa huanza, ndiyo maana kazi ndefu huhitaji wawili. Kinyume chake ni nini? Mama kiziwi mjamzito kliniki, na anayemfasiria ni mtoto wake wa miaka minane. Nesi anauliza maswali ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, na mtoto anajibu anachokijua yeye. Kule Kenya, Katiba ya 2010 imeitaja lugha ya alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Sisi tunaojivunia Kiswahili tulitazame jambo hilo. Anayetaka njia hii aanze kwa kuishi na viziwi wenyewe. Viongozi wa CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, watamwelekeza. Vidole havijifunzwi kwa vitabu tu.

Wa ualimu, Arusha kuna Chuo cha Patandi kwa elimu maalumu. Huko ndiko utajifunza nukta nundu na kumfundisha mtoto mwenye usonji. Walio tayari kuvuka mpaka, Nairobi iko KISE, taasisi ya Kenya ya elimu maalumu, tangu 1986. Wanaopenda kusimama kati ya familia na serikali, ustawi wa jamii. Na fani yangu, tiba kwa vitendo, nayo inafundishwa Moshi. Diploma inahitaji ufaulu wa sayansi wa kidato cha nne, Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hivyo wewe wa PCB unayelia kwamba usipopata udaktari maisha yamekwisha, keti chini upumue. Na wewe mzazi unayemwambia mwanao kwamba tumekusomesha ili ukaogeshe watu, nakuuliza kwa heshima zote: kiharusi kikikupiga kesho, Mungu aepushie mbali, utapenda uogeshwe na aliyesomea, au na yeyote atakayekuwa karibu?

Jambo la mwisho, kisha nikae. Kabla hujajaza fomu yoyote, nenda ukajitolee. Usiende na zawadi wala kamera. Omba kwa mwenye ulemavu mwenyewe, au kwa wazazi wake kama ni mtoto, ufike kule saa kumi na mbili asubuhi, na uulize sentensi moja: “Ungependa nikusaidie vipi?” Kama ni asiyeona, usimshike mkono ukamburuta, mpe kiwiko chako akishike yeye, utangulie nusu hatua. Kama yuko kwenye kiti mwendo, usikiguse kiti kabla hajakwambia, maana kile ni sehemu ya mwili wake. Kama anazungumza taratibu, usimmalizie sentensi. Ukiweza hivyo wiki mbili bila kuchoka na bila kujisifu, njoo unione.

Nimemleta mwenzangu, huyu hapa mbele. Ni mhasibu, ana ulemavu wa mikono na miguu, na msaidizi wake yule pale nyuma amemleta tangu alfajiri. Maswali yote ya “wao wanajisikiaje” mwulizeni yeye, msiniulize mimi. Ya ada, vyuo na mishahara nitajibu mimi kadiri niwezavyo. Wakalimani wabadilishane tena kabla hatujaanza. Mwenye swali anyooshe mkono, na asiyenyoosha mkono aite tu, tutamsikia. Haya, dada wa safu ya tatu, mwenye kilemba cha kijani. Karibu.